Nilituma wimbo tu, shoga yangu akajitoa kundini

Bi Somo, shikamoo.

Nakuandikia kutoka Tanga. Sisi ni marafiki watano, wote wanawake, tuliosoma sekondari pamoja hapa hapa, na sasa tumetawanyika. Wawili tumebaki Tanga, mmoja yuko Mombasa alikoolewa, mmoja Dar es Salaam, na mmoja yuko Muscat kikazi. Huyu wa Muscat ndiye aliyeanzisha kundi letu la WhatsApp la nyimbo. Alikuwa mpweke kule, akaomba kila Jumamosi usiku mmoja wetu atume wimbo mmoja, mmoja tu, na wengine tuusikilize tuseme tumeuonaje. Zamu zinazunguka. Sheria yetu ndiyo hiyo.

Raha tuliyoipata humo siwezi kukueleza ikaisha. Wa Mombasa ametuletea Juma Bhalo na Zein l'Abdin, waimbaji ambao mama yangu aliwajua kwa sauti tu na mimi niliwapuuza nikiona ni mambo ya wazee. Wa Muscat hututumia nyimbo za Ghuba zinazopigwa kwa udi, ile ala ya nyuzi, na tusipoelewa Kiarabu hutufasiria. Wa Dar, ambaye ndiye mwenye habari hii, alinifanya nipende singeli, ule muziki wa kasi wa vijana wa Dar. Mimi singeli nilikuwa naiona kelele. Zamu yake ilipofika alituma wimbo na chini yake akaandika: "Mpenda taarabu, achana na maneno kwanza. Sikiliza kinanda kinachozunguka kwa nyuma, halafu uniambie umekisikia wapi." Nikasikiliza. Kilikuwa kinanda cha taarabu kimeharakishwa mpaka kinakimbia! Nilicheka peke yangu jikoni, nikaurudia wimbo hadi bando likakata.

Sasa yaliyotokea. Jumamosi moja zamu ilikuwa yangu. Nilikuwa nimetoka harusini, miguu inauma, nikakumbuka wimbo mmoja wa zamani wa Unguja ambao fidla zinaanza zenyewe na mwimbaji hafungui kinywa mpaka umeshasahau kama yupo. Jina lake nimekuandikia pembeni, naomba usilichapishe. Nikautafuta YouTube, nikatuma linki, nikalala. Sikuandika neno lolote.

Bi Somo, jina la wimbo huo linamhusu mwanamke aliyejiona amefika na sasa mumewe amepata mwingine. Na huyu shoga yangu wa Dar alikuwa ameletewa mke mwenza si muda mrefu kabla ya hapo. Mwenyewe hakutwambia. Tulisikia kwa watu, kila mmoja kwa njia yake, na hakuna aliyegusia kundini.

Asubuhi nikaamka nikakuta wa Mombasa ameandika "Ujumbe umefika" pamoja na emoji za kucheka mpaka machozi. Nikafungua orodha ya wanakundi: shoga yangu wa Dar hayumo, ameondoka. Nikamwandikia pembeni kwamba sikumlenga, nilipenda fidla tu. Tiki zikawa za bluu, jibu hakuna. Baadaye nikasikia amemwambia dada yake kuwa mimi nimemtangaza mbele ya watu kwa wimbo, na kwamba afadhali ningemwambia usoni.

Mungu ni shahidi yangu, sikumfikiria hata kidogo. Wa Muscat ananiambia niombe radhi yaishe. Nashindwa kuomba radhi kwa jambo ambalo sikulitenda, naona nikiomba nitakuwa nimekiri kwamba nilimlenga. Mwenzangu wa hapa Tanga anataka tupige marufuku taarabu kundini, tubaki na Bongo Fleva na nyimbo za nje. Mimi mwenyewe nilifikiri nimtumie wimbo mwingine, wa kupatana, auone moyo wangu. Nifanyeje?

Mpenda Fidla, Tanga

*

Marahaba, mwanangu.

Nimeutafuta wimbo wako na nimeusikiliza mpaka mwisho. Fidla ni kama ulivyosema, na nakuamini kwamba zilikuchukua. Anayetuma kijembe hasahau maneno ya wimbo akakumbuka jinsi fidla zinavyoingia.

Nianze na lile ambalo ungelifanya leo jioni kabla hujasoma jibu langu: wimbo wa kupatana usiutume. Hata uwe mtamu namna gani. Mwenzako ameumia kwa wimbo, na kila wimbo utakaotoka kwako sasa ataupekua kutafuta nini kimefichwa ndani. Ukituma wa kuomba msamaha atasema umekiri. Ukituma wa mapenzi ya marafiki atasema unamkejeli. Nyimbo zipumzike kwanza.

Wewe ni mpenda taarabu, kwa hiyo hili unalijua, ila nataka uliangalie tena ukimweka yeye mbele ya macho yako. Taarabu yetu haijawahi kuwa muziki wa kusikiliza tu. Mwimbaji Siti binti Saad wa Fumba, Unguja, ambaye sahani zake zilirekodiwa Bombay kuanzia 1928, aliimba mambo yaliyotokea mitaani Unguja, na watu waliwajua waliotajwa. Wimbo wake wa Kijiti ulihusu mauaji ya kweli, ya mwanamke mgeni aliyeuawa, muuaji akatoroka kwenda bara. Siti mwenyewe alitukanwa kwa nyimbo, wakamsimanga kwa sura yake na kwa kutoka shamba, na alijibu kwa wimbo. Njoo miaka ya 90, Dar es Salaam, vikundi vya TOT na Muungano wanarushiana maneno jukwaani, Khadija Kopa upande huu, Nasma Khamis upande ule, na ukumbi unajaa kwa sababu watu wamekuja kusikia jibu. Mipasho ile ndiyo tuliyokulia.

Na ukumbini umeona mwenyewe jinsi mama anavyotunza. Anainuka kitini, noti ameibana kwa vidole viwili, anacheza taratibu kwenda mbele. Akifika hatoi. Anazunguka pale pale mbele ya mwimbaji, anasubiri ubeti wake. Ubeti ukifika ndipo mkono unapanda, noti inakwenda, na shingo inageuka kidogo upande wa meza fulani. Hajatamka neno, na ukumbi mzima umeshajua anasema na nani. Mwanamke wa pwani aliyekulia katika hayo ana sikio la kujitafuta ndani ya wimbo. Usimlaumu kwa kuwa nalo, kwa sababu na wewe unalo. Siku ukitumiwa wimbo wenye jambo lako ndani yake, utahisi moto huo huo.

Ila ukumbini kuna shingo iliyogeuka. Kwenye redio kulikuwa na kadi za salamu. Uliza wakubwa wako hapo Tanga: mtu alinunua kadi, akaandika jina lake na mahali alipo, akaorodhesha anaowasalimu, akaweka ujumbe wake, mwisho akaomba wimbo. Mtangazaji alisoma vyote hivyo kabla hajaweka sahani. Wimbo ulifika ukiwa na mwenyewe. Kama ni wa shemeji wa Korogwe, ulijua ni wa shemeji wa Korogwe, na wewe uliyekuwa unachambua mchele Pangani uliufurahia bila kujiuliza.

Linki ya YouTube haina hata kimoja katika hivyo. Fikiria alichokiona yeye. Ni usiku, simu imelia, amefungua kundi. Ameona picha ndogo ya waimbaji na chini yake jina la wimbo kwa herufi nene. Jina lako juu. Basi. Nyimbo hizi ni ndefu, nyingine zinafika dakika 10 na kupita, na si kila mtu ana bando la kufungua video saa hizo. Mimi nina hakika kubwa kwamba hakusikiliza hata mpigo mmoja wa hizo fidla. Alisoma jina. Ni sawa na kupewa kanga: kabla hujashika kitambaa ujue ni kizito au chepesi, macho yameshasoma maandishi.

Halafu asubuhi akakuta mtu ameandika "Ujumbe umefika". Hapo jina likawa ujumbe rasmi, mbele ya mashahidi.

Sasa nitakwambia ninaloliona kuwa zito kuliko wimbo wenyewe, na utanivumilia. Umeandika kwamba shoga yako aliletewa mke mwenza, kwamba mlisikia wote, na kwamba hakuna aliyegusia. Nimeisoma sehemu hiyo mara mbili nikitafuta mahali ulipompigia simu kumwuliza hali. Sijaiona. Rafiki wa tangu sekondari, aliyekaa akakuchagulia singeli yenye kinanda cha taarabu kwa kuwa anakujua unapenda nini, amepita katika jambo linalomnyima mwanamke usingizi, na kutoka kwako hakupata hata "habari za siku nyingi". Jambo la kwanza lililofika kutoka kwako lenye kugusa habari ile likawa jina la wimbo huo. Mwanangu, angefikiri nini kingine?

Naelewa kwa nini mlinyamaza. Mliogopa kumwaibisha, mkasema mwenyewe akitaka atatwambia. Wengi wetu tungefanya hivyo. Lakini yeye amewaona wenzake wanne kila Jumamosi wanasifia nyimbo kana kwamba hakuna lililotokea, huku akijua fika kwamba mnajua, maana habari za ndoa hazikai. Ukimya ule ulimfanya aamini kwamba mnamsema pembeni. Wimbo wako ulipokuja ulithibitisha.

Kwa hiyo kuomba radhi kunawezekana, na wala hutakiri uongo. Huombi radhi kwa kumlenga, kwa sababu hukumlenga. Unaomba radhi kwa kuwa kimya. Hilo ni la kweli, na ukilisema kwa kweli ataligundua.

Mpigie simu. Si ujumbe wa maandishi, na ujumbe wa sauti usirekodi pia, kwa sababu unaweza kusikilizishwa watu wengine na ukachambuliwa neno kwa neno. Asipopokea, jaribu siku nyingine saa ambayo unajua watoto wameshakwenda shule. Akiendelea kutopokea, dada yake unamjua, pitia kwake umwambie tu kwamba unataka kumsalimia ndugu yako. Na kama una nafasi ya kupanda basi kwenda Dar, nenda. Si mbali kiasi cha kushindikana kwa mtu unayemwita shoga.

Akipokea, usianze na wimbo. Najua ulimi utakuwasha kusema "mimi sikukulenga", uzuie. Msalimie, muulize watoto, kisha umwambie hivi kwa maneno yako: "Shoga, nilisikia yaliyokufika na sikukupigia. Nilinyamaza nikidhani nakustahi, nimekuacha peke yako. Nisamehe." Halafu nyamaza umsikilize. Akilia, alie. Akikusema, akuseme. Akianza kumsema mumewe, usimsaidie kumsema, na huyo bi mdogo usimchambue, maana ndoa ile anaishi yeye, na kesho wakipatana maneno yako yatabaki. Na akisema hataki kuzungumzia ndoa yake, basi, umeshamwonyesha kwamba mlango uko wazi.

Wimbo utakuja wenyewe, ataulizia tu. Hapo ndipo umweleze, kwa ufupi, kama ulivyonieleza mimi: harusi, uchovu, fidla. Usiapie sana. Mtu akiapa mara tatu anatia shaka hata alipokuwa anaaminiwa.

Wa Mombasa naye ana lake. Hata kama alikuwa anatania, neno lake ndilo lililogeuza wimbo kuwa mpasho mbele ya wote, na yeye ndiye wa kulifuta. Mwambie ampigie mwenyewe, asikutume wewe. Na msiyazungumze haya kundini wakati mwenzenu hayupo. Kila mtakaloandika humo hata la kumtetea, kuna siku litapigwa picha ya skrini na kumfikia nusu nusu.

Kuhusu kupiga marufuku taarabu, nakataa, na nakataa kwa moyo wote. Kwanza haitawasaidia. Bongo Fleva imejaa nyimbo za kuachwa, za kusalitiwa, za mume wa mtu, na mtu mwenye donda atajiona humo humo. Singeli ndiyo usiseme. Pili, mtakuwa mmemwadhibu huyo wa Muscat aliyeanzisha jambo hili kwa kutamani sauti za nyumbani, na mtakuwa mmetupa muziki ambao Tanga yenu imeulea. Vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star vilikuwa vyenu. Sauti ya mwimbaji Shakila ilitoka hapo. Watoto wenu hawatazijua nyimbo hizo kwa bahati, ni lazima mtu awape.

Mnachohitaji kubadilisha ni namna ya kutuma, na huna haja ya kutafuta mwalimu mbali. Huyo huyo wa Dar aliwaonyesha. Alituma singeli na maneno: achana na hiki, sikiliza kile, kisha uniambie. Alikuchukua mkono akakupeleka mpaka kwenye kinanda. Ndiyo maana wimbo ambao ungeuzima kwa dakika moja uliumalizia bando. Wewe ulikuwa na fidla za kumwonyesha mtu na hukumwambia ziko wapi. Ungeandika tu, "Sikilizeni fidla kabla mwimbaji hajaingia, kisha msikilize ganuni inavyozijibu", ganuni ile ala ya nyuzi nyingi inayolazwa, kila mtu angejua kwa nini wimbo umekuja. Huo ndio mwaliko wa kweli wa muziki: sababu yako wewe ya kuupenda. Maneno mawili yanatosha, na linki ikifuata nyuma yake inafika ikiwa na mwenyewe, kama kadi ya salamu.

Na kwa kuwa jina la wimbo ndilo linalosomwa kwanza, litazame kabla ya kutuma. Jiulize nani kati ya hawa wanne ana jambo linalofanana nalo wiki hii. Ukimwona, si lazima uuache wimbo milele, uweke kwa zamu nyingine, au mtumie kila mmoja peke yake isipokuwa yeye. Mtu mzima anapochagua wimbo wa harusini hufanya hivyo hivyo, hapigi wa mirathi mbele ya wafiwa.

Wewe hasa nina zawadi yako. Kama kinachokuvuta ni fidla, tafuta bashrafu. Vikundi vya Unguja, Ikhwani Safaa iliyoanza 1905 na Culture Musical Club iliyoanza 1958, vina desturi ya kufungulia taarabu kwa kipande cha ala tupu, hakuna mwimbaji, hakuna shairi. Fidla, udi, ganuni, filimbi ya nai na kodiani zinafuatana njia moja, kisha chombo kimoja kinajitenga na kwenda peke yake huku wengine wakikingojea. Hakuna kijembe katika bashrafu, na hakuna wa kujitafuta humo. Nasadiki huyu wa Muscat ataipenda pia, kwa sababu masikio yake sasa yamezoea udi.

Limebaki la kumrudisha. Wa Muscat, kama ndiye admini, asimwongeze kundini kwa kushtukiza ili mseme yamekwisha. Mtu aliyeondoka kwa uchungu akijikuta amerudishwa bila kuulizwa ataondoka mara ya pili, na hiyo haina dawa. Yakishatulia baina yenu wawili, mwulize kama anataka. Akisema bado, mwache, uendelee kumpigia simu za kawaida, za watoto na za bei ya unga. Akisema yuko tayari, Jumamosi ya kwanza apewe zamu yeye, achague anachotaka, hata kama ni taarabu, hata kama ni ya mafumbo makali na unadhani safari hii umelengwa wewe. Usikilize mpaka mwisho, kisha umjibu ulichokipenda ndani yake.